Taa ya TRC, VSC au VDC imewaka kwenye dashibodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu zaidi magari yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo mengi kwenye barabara zetu: IST, Premio, Allion, Wish, RAV4, Harrier, na ndugu zao wa Nissan na Subaru. Namba za kodi (alama za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi) zilizotajwa ni za Toyota, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo.

Taa hii inasema nini hasa?

Inasema mfumo wa kuzuia magurudumu yasiserereke umejitoa kazini. Majina ni mengi ila kazi ni moja: Toyota huuita TRC na VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mitsubishi ASC, Mazda DSC, Volkswagen ESP. Alama yake ya kawaida ni kigari chenye mistari miwili ya mawimbi nyuma yake.

Mfumo huu hauna vyombo vyake vingi, bali huazima. Kasi ya kila gurudumu huipata kwenye sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki), breki huzikamata kwa pampu ya ABS, nguvu ya injini huipunguza kupitia kompyuta ya injini, na uelekeo wa gari huujua kwa sensa ya usukani na sensa ya mzunguko wa bodi. Chombo kimoja kikileta taarifa isiyoaminika, mfumo mzima hujizima ili usije ukakamata breki mahali pasipotakiwa. Ndiyo maana ni makosa kununua "kompyuta ya traction" kwa sababu tu taa imewaka. Mara nyingi anayeumwa ni mmoja wa wale walioazimwa.

Inamweka nikipita kwenye tope au kokoto, kisha inazima. Ni mbovu?

Hapana. Ikimweka wakati gurudumu linasota, mfumo uko kazini. Utasikia pampu ikinguruma kwa mbali na injini kama inakosa nguvu kwa sekunde moja au mbili. Ubovu ni taa inayowaka na kubaki imewaka hata kwenye lami kavu.

Ila ikimweka kwenye lami kavu unapokata kona taratibu, au kanyagio la breki likitetemeka gari linapokaribia kusimama, angalia matairi na pete za sensa (pete zinazozunguka na gurudumu, ambazo sensa huzisoma ili kujua kasi). Kompyuta inadanganywa.

Naona "TRC OFF" au "VSC OFF".

Angalia kwanza kama kuna aliyebonyeza swichi. Huwa karibu na usukani au karibu na gia, na magoti, mtoto au muosha magari huigusa bila kujua. Bonyeza mara moja. Kwenye Toyota nyingi, kubonyeza kidogo huzima TRC (inayozuia gurudumu kusota) peke yake, na kushikilia sekunde 3 au zaidi gari likiwa limesimama huzima VSC (inayozuia gari kupoteza uelekeo) pia. Ukizima switi (swichi ya funguo ya kuwashia gari) na kuwasha tena, mfumo hurudi wenyewe.

Naweza kuendelea kuendesha?

Ikiwa ni taa hii peke yake, breki zako za kawaida na ABS bado zipo. Endesha, ila kwenye utelezi usitegemee msaada. Ikiwaka pamoja na ya ABS, magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu, kwa hiyo punguza mwendo na acha nafasi kubwa mbele yako, hasa mvua ikinyesha.

Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simama. Hakikisha handbreki imeachiwa yote, kisha fungua boneti uone kiwango cha mafuta ya breki. Yakiwa yako sawa na taa nyekundu bado inawaka sambamba na ya ABS, huenda mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umepotea pia, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele. Gari hilo libebwe, lisiendeshwe.

Niandae vifaa gani?

Multimita ya kawaida, jeki na stendi mbili, kabari za matairi, spana ya mm 10 na 21, brashi ya nailoni, dawa ya kusafishia soketi za umeme, msasa laini na klipu ya karatasi. Mashine ya kusomea kodi tutaizungumzia chini. Usiingize hata mkono nyuma ya gurudumu gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake.

Nianzie wapi kabla ya kusoma kodi?

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiwa inanguruma, soma 13.5 hadi 14.7. Betri iliyochoka hushusha umeme wakati wa kupiga stata, kompyuta ya ABS ikaona volti haba na kuwasha taa. Kodi yake ni C1241. Taa inayowaka asubuhi tu, ikazima ukizima switi na kuwasha tena, mara nyingi inaanzia hapo. Safisha vichwa vya betri na mahali waya wa ethi (waya hasi wa betri) unapofungwa kwenye bodi.

Kisha matairi. Soma maandishi ya ubavuni ya yote manne. Tairi la 185/65R15 lina kipenyo cha karibu milimita 621, na la 185/60R15 karibu milimita 603. Kwa macho utadhani ni sawa. Lakini lile dogo huzunguka haraka zaidi kwa takriban asilimia 3 muda wote, na kompyuta huliona kama gurudumu linaloteleza. Tairi jipya likiwekwa upande mmoja na kipara upande mwingine, au upepo ukiwa mdogo sana kwenye tairi moja, matokeo hufanana. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva.

Halafu taa za breki. Mwombe mtu akanyage breki huku wewe uko nyuma. Swichi ya kanyagio ikifa, au balbu zikiungua zote, kompyuta haijui kama unafunga breki. Kodi ni C1249. Balbu za LED zilizowekwa badala ya zile za asili zinaweza kuleta shida hiyo hiyo, kwa hiyo zirudishe za asili kabla hujahangaika na kingine.

Mwisho ni fyuzi. ABS huwa na fyuzi kubwa mbili chini ya boneti, kwa kawaida za kati ya ampea 30 na 50, na ndogo chini ya dashibodi. Zipime kwa mita, usiziamini kwa macho.

Taa ya injini imewaka pamoja na ya VSC. Nianze na ipi?

Injini, bila kusita. Kompyuta ya injini ikiona hitilafu kwake, huiambia ya breki kwamba haiwezi kupunguza nguvu ya injini kwa uhakika, na VSC hujizima. Upande wa breki utakuta C1201, maana yake "hitilafu iko kwenye injini". Kwenye RAV4 na Harrier zenye 4WD hata taa ya 4WD hujiunga, mwenye gari akaona taa tatu na kudhani gari limekufa. Kumbe ni koili moja ya plagi, sensa ya oksijeni, au mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa ya hewa. Tengeneza injini, futa kodi, na taa zote huondoka pamoja. Subaru nazo hufanya hivyo hivyo.

Mashine yangu ya bei nafuu inasema hakuna kodi. Mbona taa inawaka?

Kwa sababu inasoma injini tu. Kodi za injini huanza na P. Za breki na usukani huanza na C. Mashine ndogo za bluetooth za kutumia na simu, kwa programu za bure, mara nyingi huishia kwenye P. Unahitaji mashine iliyoandikwa wazi kwamba inasoma ABS kwa aina ya gari lako, au kompyuta mpakato yenye programu ya Techstream na waya wake kwa Toyota. Ukienda gereji kupimwa, sema kabisa: "Soma ABS na VSC, siyo injini peke yake," na uondoke na kodi zikiwa zimeandikwa.

Ni kweli klipu ya karatasi inaweza kusoma kodi?

Kwenye Toyota nyingi, hasa za miaka ya 2000, ndiyo. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Juu ni namba 1 hadi 8 kutoka kushoto, chini 9 hadi 16. Zima switi, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa klipu, kisha fungua switi bila kuwasha injini. Usiguse tundu la 16: lina umeme wa betri moja kwa moja, na likikutana na la 4 fyuzi inaungua.

Taa kadhaa zitaanza kumweka kwa wakati mmoja. Kodi ina tarakimu mbili: hesabu mimweko ya kwanza, kuna kituo cha sekunde moja na nusu, hesabu ya pili. Kati ya kodi na kodi ni sekunde mbili na nusu. Ikimweka haraka haraka bila kituo, hakuna kodi kwenye taa hiyo.

Hapa wengi hukosea: namba ileile ina maana tofauti kwa kila taa. Mimweko 31 kwenye taa ya ABS ni sensa ya gurudumu la mbele kulia, lakini 31 kwenye taa ya VSC ni sensa ya usukani. Kwa taa ya ABS, 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto, 41 volti za betri. Kwa taa ya VSC, 43 ni hitilafu ya ABS na 51 ni hitilafu ya injini. Andika taa ipi imetoa namba ipi.

Kufuta: klipu ikiwa mahali pake na switi imefunguliwa, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Taa ikianza kumweka haraka haraka, kodi zimefutika. Zima switi, chomoa klipu.

Kodi inasema sensa ya gurudumu. Ninunue sensa?

Bado. Kwenye mashine, C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto, na kulia ni kwa aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Kodi hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema taarifa ya kona ile haifiki, na njia yake ni ndefu: pete inayozunguka, ncha ya sensa, waya, soketi, halafu kompyuta. Pitia yote.

Inua kona husika, weka stendi, vua gurudumu. Fuata waya wa sensa kuanzia kwenye habu (kitovu gurudumu linapofungwa) hadi unapoingia kwenye bodi. Mbele, waya hupinda kila unapokata usukani, hivyo hukatika ndani ya ganda bila kuonekana nje. Uviringishe kwa vidole kidogo kidogo ukisikiliza pale panapolegea kuliko kwingine. Tazama pia kama klipu za kuushikilia kwenye shokapu zimeachwa baada ya kubadilisha shokapu, maana waya unaoning'inia husagwa na tairi.

Kisha ichomoe sensa. Inashikiliwa na bolti moja ya mm 10, na shida ni kutu: sensa huganda kwenye tundu lake. Nyunyiza dawa ya kulainisha, subiri robo saa, izungushe kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta kwa koleo kwa hasira kichwa hubaki ndani. Itazame ncha. Mara nyingi utakuta imevaa manyoya meusi kama ndevu fupi, yaliyosimama wima. Ni unga wa chuma kutoka kwenye diski na beringi, ulionaswa na sumaku. Uchafu huo peke yake unatosha kuwasha taa. Kodi C1235, 1236, 1238 na 1239 zipo kwa ajili yake. Futa kwa kitambaa, piga msasa mwepesi pale sensa inapokalia ili iingie hadi mwisho. Kutu ikiisukuma nje hata milimita moja, ishara hudhoofika. Bolti yake ikazwe kwa Nm 8 tu. Ukitumia nguvu zote plastiki hupasuka.

Nyuma, kwenye Toyota nyingi ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, sensa imejengwa ndani ya habu. Kutoka nje unaona kifuniko chenye soketi tu. Chomoa soketi hiyo utazame pini mbili zilizo ndani. Kwa magari ya Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, pini hizo mara nyingi huwa na unga wa kijani, au moja imekwisha kabisa. Ikiwa ni unga tu, brashi na dawa ya soketi vinatosha, kisha paka grisi maalumu ya umeme. Pini ikiwa imeliwa, habu nzima ndiyo hubadilishwa.

Nawezaje kuipima sensa kwa multimita?

Inategemea aina. Ya zamani ni koili isiyohitaji umeme. Weka mita kwenye ohmu, soketi ikiwa imechomolewa: magari mengi husoma kati ya ohmu 800 na 2,500. Linganisha na mwenzake wa upande wa pili. Wakiwa mbali sana, mmoja anaumwa. Ikisoma "OL" waya umekatika, ikikaribia sifuri umegusana. Kati ya kila pini na bodi ya gari pasiwe na njia. Kisha weka mita kwenye volti za AC na uzungushe habu kwa mkono, karibu mzunguko mmoja kwa sekunde: volti zinapaswa kupanda unavyozidisha mzunguko.

Ya kisasa hulishwa umeme, na hii usiipime ohmu kwani mita inaweza kuiharibu na jibu halina maana. Zima switi, chomoa soketi, fungua switi, upime upande wa gari: ukipata volti karibu na za betri, ni ya aina hii na waya unaoilisha ni mzima. Kipimo bora kwake ni mashine inayoonyesha kasi ya magurudumu manne. Endesha kilomita 20 hadi 30 kwa saa kwenye njia iliyonyooka, msaidizi asome. Gurudumu linalobaki sifuri, au linaloruka ruka wakati mengine yametulia, ndilo lako.

Taa imewaka siku ileile fundi alipobadilisha beringi au sivi joint (CV joint, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu).

Usitafute mbali. Beringi nyingi za kisasa zina pete ya sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na upande huo lazima uelekee sensa. Ukiipresi kinyume, gari litatembea vizuri kabisa na sensa haitaona kitu. Kabla ya kupresi, sogeza pini ya ofisi pande zote mbili: upande wenye sumaku utaivuta kidogo. Usiiweke beringi karibu na sumaku ya spika wala kuigonga kwa nyundo kwenye sili.

Kwa sivi joint, hesabu meno ya pete. Nyingi za Toyota zina meno 48. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, hesabu ya zamani na mpya kabla ya kulipa. Spea bila pete kabisa zipo dukani, na huuzwa kwa gari lenye ABS bila muuzaji kuuliza. Pete yenye ufa ni mbovu pia, kwa sababu mwanya mmoja mpana huonekana kama gurudumu limekwama kila linapokamilisha mzunguko.

Imewaka baada ya alaimenti au baada ya kubadilisha betri.

Sensa ya usukani imepoteza katikati yake, au usukani umefungwa ukiwa umepinda. Kwenye magari mengi inatosha kuzungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha kuendesha moja kwa moja kwa mwendo wa wastani kwa dakika kadhaa. Isipozima, na ukiendesha kwenye njia iliyonyooka usukani unakaa kombo, rudi kwa aliyefanya alaimenti aurekebishe kwanza. Nissan na Subaru mara nyingi huhitaji mashine kuweka sifuri upya.

Toyota ikitoa C1210 au C1336, kinachotakiwa ni sifuri ya sensa ya mzunguko wa bodi. Hufanywa gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa, gia kwenye P, usukani katikati, bila mtu kulitikisa. Sakafu yenye mteremko hukupa sifuri ya uongo, na taa itarudi.

Nimefuta kodi, taa imezima, kesho yake imerudi.

Angalia inarudi lini. Ikirudi papo hapo ukifungua switi, ni waya uliokatika, fyuzi au kompyuta. Ikirudi baada ya mita chache, gurudumu moja halitoi ishara. Ikirudi kwenye mwendo mkubwa au barabara mbovu tu, shuku waya unaogusagusa, beringi iliyolegea au matairi yasiyolingana. Ikirudi mvua ikinyesha au baada ya kuoshwa kwa presha, ni maji kwenye soketi ya sensa.

Ni wakati gani nikabidhi kwa fundi umeme?

Kodi zikitaja pampu, solenoidi au relei ya ABS na fyuzi pamoja na ethi ni nzima. Kufungua kitengo cha ABS kunamaanisha kutoa hewa kwenye mfumo wa breki kwa mashine, na kosa dogo hapo ni breki zisizoshika. Pampu iliyotumika inunuliwe kwa kulinganisha namba iliyobandikwa kwenye kitengo, siyo jina la gari.

Nakagua gari la kununua. Najuaje taa haijafichwa?

Fungua switi bila kuwasha injini, macho kwenye dashibodi. Taa za ABS na VSC lazima ziwake, zikae kama sekunde 3, kisha zizime, kila moja peke yake. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu au kuzibwa. Inayozima sekunde ileile na taa ya oili, baada ya injini kuwaka, huenda imeunganishwa na waya wa taa hiyo. Kisha tafuta barabara ya vumbi au kokoto isiyo na watu, fika kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu: kanyagio linapaswa kutetemeka chini ya mguu na gari kubaki limenyooka. Lisipotetemeka na magurudumu yakaburuza, ABS haifanyi kazi hata kama dashibodi ni safi.